Ukuta Nilioulainisha

Sijui kama mpangaji ana haki ya kuandika habari za nyumba ya mtu. Nilisoma hadi sekondari ya pili, huko Fizi milimani, na mwaka wenyewe wa pili niliurudia. Lakini nina kaye kumi na moja, zile daftari za mistari za watoto wa shule, ambazo nimezijaza tangu siku nilipoingia chumba namba tatu. Nikizifungua leo naona kitu kimoja kinarudi karibu kila ukurasa bila mimi kukusudia: ukuta wa mbele. Mara nimeuegemea, mara nimetundika nguo juu yake, mara nimelalamikia vumbi lake jekundu. Basi nitaandika habari za ukuta huo, na za mama aliyekuwa mwenye nyumba. Nitajitahidi nisijipambe.

Nilishuka Baraka na mashini yangu ya kushona imefungwa nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira. Fizi nilikuwa nashonea ndugu watupu, na ndugu akija kuchukua gauni lake anakaa mpaka jioni. Nilitaka kushonea watu nisiowajua. Lakini vyumba vipya vya karibu na soko vilikuwa vimechukuliwa na watu wa mashirika, na siku tatu nilizunguka bure. Mwishowe mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akanihurumia.

"Enda ulizie kule Uzini," akasema. "Kuko vyumba vya zamani. Vinavuja kidogo, lakini viko na heshima."

Uzini ni mtaa uliozunguka kiwanda cha zamani cha pamba. Kiwanda chenyewe kilinyamaza kabla sijazaliwa. Zimebaki kuta ndefu za matofali ya kuchoma, paa lenye matundu ambalo mabati yake yanapiga kelele upepo wa ziwa ukija, na gurudumu moja la chuma ambalo hata wezi walishindwa kulibeba. Mbele kuna mzani wa kupimia magunia, umezama ardhini, na mbuzi wanapenda kulala juu ya bamba lake. Mvua ikinyesha, sakafu ya kiwanda inatoa harufu ya mafuta ya mbegu za pamba. Mpaka leo inatoa. Mimi harufu ile nikiisikia mahali pengine, hata kwenye chupa, nasimama.

Babu yangu alilima pamba kwa lazima, akaibeba kichwani kutoka milimani hadi kwenye mzani huo, na alikuwa akisema mzani ule ulikuwa mwongo. Mama mwenye nyumba, aliyefanya kazi ndani ya kiwanda, alisema miaka ya pamba ndiyo ilikuwa miaka yake mizuri. Sina uwezo wa kumsahihisha mmoja kati yao. Naandika yote mawili.

Nyuma ya kiwanda kuna nyumba moja ndefu ya wafanyakazi, yenye milango minne, iliyogeuzia ziwa mgongo na kutazama milima. Nilipofika mara ya kwanza, mama alikuwa ameketi nje ya mlango wa kwanza, juu ya kigoda, anachambua pamba. Ile miti ya pamba iliyojiotea yenyewe nyuma ya mzani ilikuwa yake, hakuna aliyeigusa. Vidole vyake vilikuwa vinatoa mbegu moja moja na kuitupa kwenye kopo bila yeye kutazama chini. Uso alikuwa ameuinua kuelekea kwangu kabla sijafika.

"We ni nani unakuya na miguu ya mutu mwenye kuchoka?"

"Mi ni mushonaji, mama. Natafuta chumba. Natoka Fizi."

"Fizi kwenyewe, ao unasema Fizi ju kijiji yenu haina jina?"

"Fizi kwenyewe, mama. Kule juu, karibu na bureau ya serikali."

"Unakoromaka?"

Swali hilo sikulitegemea. Nikafikiri, kwa sababu sikutaka kusema uongo siku ya kwanza.

"Sijui, mama. Nikilala sijisikii."

Akacheka mpaka mbegu zikamwagika. "Huyu ni mutu wa kweli. Ingia. Wewe utakuwa Namba Tatu."

Hapo nilijifunza desturi ya nyumba ile. Wakati wa kiwanda, kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, alipita asubuhi akiwaita watu kwa namba ya mlango, maana majina yalikuwa mengi na yeye alikuwa mvivu. Namba zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe juu ya milango. Kapita alikufa, kiwanda kikafa, namba zikabaki. Mama mwenyewe alikuwa Namba Moja, kama alivyokuwa marehemu mume wake aliyeendesha presi ya kufungia marobota. Namba Mbili kilikuwa chumba cha stoo. Namba Nne alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu mpole, mkulima wa muhogo ambaye kwao alikuwa pia fundi wa kujenga. Yeye alimwita mama "mukecuru", ambalo kwa lugha yake ni jina la heshima la mama mzee, na mama alimjibu kwa namba tu. Ilikuwa heshima pia. Ukiwa na namba, maana yake una mlango.

Sababu ya lile swali la kukoroma niliielewa asubuhi iliyofuata. Kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Zinaishia juu ya kichwa cha mtu mrefu, na hewa ya vyumba vyote ni moja.

"Namba Tatu, umeamuka?" sauti ya mama ikaja kutoka juu, ikipita chumba cha stoo.

"Nimeamuka, mama."

"Haukoromi. Unasagaka meno. Namba Nne, we umesikia?"

"Nimesikia, mukecuru," Namba Nne akajibu upande wa pili. "Nilizani ni panya."

Hivyo ndivyo tulivyoamkiana miaka yote ile. Mtu akipiga chafya, watu watatu wanasema pole. Mimi nililelewa katika nyumba ambayo watu walikuwa hawasemi sana, na mwanzoni nilifunika kichwa kwa kitenge nikijifanya nimelala. Baadaye nikawa naamka mapema kusubiri sauti ile. Nikikaa leo katika chumba chenye kuta zilizofika juu, nasikia kama nimefungiwa.

Katika kaye ya kwanza na ya pili kuna mambo niliyoyaandika bila kuyaelewa. Nayanakili yalivyo.

"Leo mama amenisalimu kabla sijafungua mdomo. Ana akili ya ajabu."

"Mama amesema kitenge changu ni kizuri. Kilikuwa kile cha kazi, chenye doa la mafuta ya mashini. Labda ananifariji."

"Mama amegusa mlango wake kwa kiganja akasema saa tisa imefika. Nikatazama simu, saa tisa kweli. Amesema jua likitoka upande wa ziwa na kuja upande wa milima, linafika kwanza kwenye mlango wake, na mbao zikipata joto ndiyo saa tisa."

"Mama anatembea kando ya ukuta, mkono ukiburuzika kwenye matofali, kama mtoto. Nadhani anaupenda."

Nilidhani anaupenda. Na alikuwa anaupenda, hilo silifuti. Lakini ningetazama vizuri ningeona kingine. Mimi ni mshonaji. Kazi yangu ni kumtazama mtu na kujua mwili wake umekaaje. Sikumtazama.

Ukuta wenyewe ulikuwa na alama zake. Karibu na mlango wa mama kulikuwa na ufa uliotoka kwenye msingi ukapanda kama mto mdogo. Kati ya Mbili na Tatu kulikuwa na pete ya chuma ambayo kapita alikuwa akifungia baiskeli yake. Kati ya Tatu na Nne tofali moja lilikuwa limeng'oka kona, likaacha shimo la kuingia ngumi. Matofali yalikuwa yanatoa unga mwekundu. Nguo nilizotundika nje kuonyesha wateja zilikuwa zinarudi ndani na mgongo mwekundu.

Mwaka wangu wa tatu pale, mama alipata habari kwamba kaka yake amefariki huko Fizi. Akapanda kwenda kwenye matanga, siku nne. Siku ya kwanza nilikaa nikitazama ukuta, wazo likanijia: tumpigie krepi kabla hajarudi. Tulainishe ukuta wa mbele wote kwa sima, yaani saruji, na mchanga, kisha tupake chokaa. Mama arudi kutoka msibani akute nyumba yake inang'aa.

Nitasema haki. Nusu ya wazo hilo ilikuwa kwa ajili ya mama. Nusu nyingine ilikuwa kwa ajili ya magauni yangu.

Namba Nne alikubali kufanya kazi hiyo, lakini aliniuliza kitu, na nakumbuka alikuwa ameshika mwiko mkononi.

"Tungemuuliza mukecuru kwanza?"

"Tukimuuliza atakataa," nikasema. "Wazee banakatalaka kila kitu. Akiona, atafurahi."

"Akiona," akasema Namba Nne, akaanza kuchanganya mchanga. Hakuwa na maana yoyote nyuma ya neno hilo. Nilimuuliza baadaye.

Tulijaza ufa. Tuliziba shimo. Pete ya chuma ilikuwa inazuia mwiko kupita, Namba Nne akaing'oa kwa nyundo. Tulipaka chokaa mara mbili. Milango yote minne tuliipaka kijani kibichi, na mimi mwenyewe, kwa kuwa watu husifu mwandiko wangu, nikaandika namba upya, nzuri, kubwa, zenye mkia. Majirani wa Uzini walipita wakisema, "Eeh, hii nyumba imerudi kijana." Nilivimba kichwa. Kaye ya siku hiyo ina kurasa tatu.

Mama alirudi siku ya nne, mchana, juu ya pikipiki. Watu kama kumi walikuwa wamekusanyika kuona atasema nini. Sasa kuna jambo dogo: mchanga uliobaki tulikuwa tumeuacha chungu nzima mbele ya mlango wa kwanza. Pikipiki haikuweza kufika pale pa kila siku, ikazunguka ikamteremsha upande wa pili, karibu na mlango wa nne. Dereva akageuza akaenda.

Mama akaweka mkono ukutani.

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, natabasamu. Mkono wake ulienda mbele kidogo, ukarudi. Ukapanda juu, ukashuka. Akasogea, akapapasa tena, kwa mikono miwili sasa. Alikuwa anatafuta kitu, na ukuta ulikuwa laini kama sahani. Watu wakadhani anashangaa uzuri. Mtu mmoja akapiga makofi. Mama akafika mlangoni, mlango wa nne, akausukuma, akaingia.

Tulimsikia ndani akiketi juu ya kitanda. Kisha sauti yake ikatoka, yenye hasira ya mtu aliyechoka na safari: "Nani ameweka jembe ndani ya nyumba yangu? Namba Tatu! Na sufuria yangu iko wapi?"

Watu walicheka sana. Walidhani ni mzaha wa mama, maana alipenda mizaha. Hata mimi nilicheka, ni lazima niandike hivyo. Nilicheka mpaka nilipomtazama Namba Nne, mwenye kitanda hicho, na yeye hakuwa anacheka. Alitembea taratibu hadi mlangoni akasema, "Mukecuru, uko kwangu. Leta mukono."

Mama akatoka ameshikwa mkono. Akasimama kwenye jua, uso wake umeelekea milima, akasema kwa sauti ndogo:

"Mumefuta nyumba yangu."

Watu wakatawanyika. Nikamfikisha kwenye mlango wake, nikamkalisha kwenye kigoda, nikapiga magoti.

"Tangu lini, mama?"

"Mbele ya wewe kuingia. Ilianza kama moshi, kisha moshi ikafunga."

"Mbele ya mimi kuingia?"

"Sijakuona hata siku moja, Namba Tatu. Najua miguu yako. Najua meno yako. Sura, mi sijui kama uko muzuri ao mubaya."

"Niko katikati, mama."

"Na vile vitenge nilikuwa nasifu?"

"Siku ingine vilikuwa vimechanika."

"Na haukusema!" Akanipiga begani, akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa mkono wenye chokaa. Alikuwa na weupe usoni kote na sikujua kama nimwambie.

Ndipo akaniambia kilichokuwa kinamtia hofu. Alikuwa na binti mmoja, anayeishi Uvira. Miaka mingi binti huyo alitaka kumchukua, na miaka mingi mama alimjibu kwamba hajambo, anaona, anajiweza. "Akijua, atanipeleka kule," mama akasema. "Kule niko na kitanda kizuri. Lakini sina ukuta. Nitakaa kwenye kiti kama gunia hadi siku yangu. Akikuuliza, sema naona."

Nilisema tu, "Kwanza turudishe ukuta."

Tulijaribu. Namba Nne alileta ile pete ya chuma, ambayo alikuwa ameanza kumfungia mbuzi. Tukaipigilia mahali tulipodhani ni pale pale. Mama akagusa: "Iko chini." Tukaipandisha. "Sasa iko sawa." Shimo tulilitoboa upya. Lakini ufa! Namba Nne alichukua patasi akachonga mstari mrefu, kwa uangalifu wote, kuanzia msingini. Mama akapitisha kidole.

"Huu si ufa," akasema. "Huu ni mustari."

"Utazoea, mukecuru."

"Nitazoea. Lakini mutu akifa, watoto bakuletee mwingine mwenye kanzu yake, utazoea pia?"

Alizoea kweli, baada ya wiki mbili. Alirudi kutembea, kuchota maji kwenye pipa, kupika ugali wake. Nikafikiri mambo yamekwisha. Lakini wale watu kumi waliocheka walikuwa na midomo, na barabara ya Uvira haijawahi kuzuia habari. Binti akaja, bila kutangulia kupiga simu.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo, wa kuitwa yaya, yaani dada mkubwa, mwenye haraka, na alikuwa amejaa vumbi la njia yote. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Haikuwezekana. Alimletea mama yake viatu vya plastiki vyenye soli ngumu ili asiteleze, akamnawisha miguu yeye mwenyewe na kumvika. Walipomaliza kusalimiana, akanijia mlangoni kwangu, akaketi juu ya gunia la vitambaa.

"Dada, hapa bote banasema wewe unaandikaka kila kitu na haudanganye. Mama anasema anaona. Nakuuliza wewe."

Nilijua mama yuko nyuma ya ukuta usiofika juu. Nilijua anasikia hata pumzi yangu. Nilisikia vidole vyake vikitupa mbegu kwenye kopo, tik, tik, kisha havikutupa tena.

"Haoni, yaya," nikasema.

Nikaendelea haraka, kama mtu anayetaka kukusanya kilichomwagika. Nikamwambia kwamba haoni lakini hajaunguza sufuria hata moja. Kwamba anajua saa kwa mlango. Kwamba anajua nani anapita na ameamkaje. Kwamba ni sisi tuliomharibia ukuta, na kabla ya hapo hakuwahi kupotea.

"Hakuna siku alikuwa karibu kuumia? Hata moja?"

Hapo ndipo kaye zilinisaliti, au mimi nilizisaliti. Ilikuwepo siku moja. Nilikuwa nimeiandika. Mama aliwasha makaa nje, akaweka mbabula, jiko lenyewe la makaa, kandokando ya beseni la vitambaa vyangu, na upepo wa ziwa ukageuka. Kona ya kitambaa ilishika moto. Mimi niliimwagia maji, nikamwambia mama kwamba hakuna kitu, ni moshi tu. Ningeweza kuiacha siku hiyo ndani ya kaye. Lakini binti alikuwa ameuliza kwa sauti ya mtu asiyelala, na mimi nikifikiria mama yangu mwenyewe, ningetaka niambiwe.

Nikamwambia.

Akaniuliza: "Wewe ungeacha mama yako hapa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kusema kwamba tuko watu wawili hapa, mimi na Namba Nne, na tutamtazama. Lakini mimi siku za soko niko sokoni kutwa, Namba Nne yuko shambani kutwa, na huo ndio ulikuwa ukweli.

"Sijui, yaya," nikasema. Na yeye akaitika kwa kichwa, kwa sababu alikuwa ameelewa.

Mama hakunisemesha jioni hiyo. Asubuhi nilisubiri sauti kutoka juu ya ukuta. Haikuja. Namba Nne alijikohoza, akasema, "Mukecuru, umeamuka?" na mama akamjibu yeye. Mimi nililala pale na meno yangu, nikihesabu matofali.

Waliondoka siku ya tatu. Gari la kwenda Uvira lilikuwa linasubiri kwenye mzani, mbuzi wamefukuzwa. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vipya. Alitoka nje, akasimama mbele ya mlango wake, akaita kwa sauti ya zamani, ile ya kapita:

"Namba Tatu!"

"Mama."

"Kuya. Funga macho. Usidanganye, Namba Nne anakutazama."

Nikafunga. Akanishika mkono, akauweka ukutani, akauburuza pamoja na wake. Tulianza kwenye mlango wa kwanza. "Hapa mbao iko na fundo. Hapa, huu mustari wenu, tuite ufa tu. Sasa hatua ine, usirefushe, we uko na miguu mirefu. Hapa Mbili. Hapa pete. Unasikia pete iko baridi hata saa sita? Ju ya hiyo najua ni pete. Hapa wewe." Tukafika mwisho, tukarudi. Mara ya tatu aliniacha niende peke yangu, nikajigonga paji la uso kwenye fremu ya stoo, watu waliokuja kuaga wakacheka, na mama akacheka kupita wote.

"Ulisema kweli," akaniambia karibu na sikio, nilipofungua macho. "Nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo. Itaisha njiani."

Binti alinisimulia baadaye kwa simu kwamba njiani mama alimwomba dereva amwambie wakifika Lweba, apate kusikia harufu ya samaki, na amwambie tena wakifika Makobola. Huko Makobola, palipouawa watu wengi wakati wa vita, alivua kitambaa cha kichwa, akakiweka magotini mpaka wakapita. Binti hakuuliza. Watu wa umri wake hawaulizwi.

Bado napanga pale. Funguo za mlango wa kwanza ninazo mimi. Nafagia, nafungua dirisha, pamba nachambua, ingawa vidole vyangu ni vizito na naacha mbegu. Namba Nne yupo. Asubuhi tunaamkiana juu ya kuta, lakini sauti inapita vyumba viwili vyenye kimya kabla haijaisha, na wote wawili tunaisikia inavyopita. Mara nyingine najiuliza kama nyumba ile niliyokaa miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa nzuri kama ninavyoikumbuka, au kama naipaka chokaa na yenyewe. Ilikuwa inavuja. Choo kilikuwa mbali. Nimeandika yote hayo kwenye kaye, na nikiyasoma hayanisaidii kitu. Nataka tu kuulizwa kama nimeamka.

Mvua ya masika ya pili tangu mama aondoke, krepi yetu ilianza kubanduka. Ilianguka vipande vikubwa, kuanzia usawa wa mlango wa kwanza kuelekea wangu, na chini yake ufa wenyewe ukatokea. Ulikuwa unatupita wote. Wakati sisi tunauficha, wenyewe ulikuwa unaendelea na safari.

Mama anapiga simu Jumapili, baada ya ibada, binti yake akimbonyezea namba. Jumapili hiyo nilikuwa nje.

"Namba Tatu. Uko wapi?"

"Kwa ukuta, mama."

"Weka mukono."

Nikaweka. Nikamwambia krepi imeanguka. Akapiga kelele ya furaha mpaka simu ikakwaruza.

"Ufa uko? Wenyewe?"

"Wenyewe, mama. Lakini umeenda. Umepita Mbili. Umefika chini ya pete."

Niliogopa kwamba nimefanya tena kosa lile lile, kumpa mtu ukweli aliouomba.

"Kumbe," mama akasema. "Mi banikalisha kwenye kiti, ufa unatembea. Usiuzibe."

"Siuzibi."

"Na Namba Nne asiletee patasi yake."

"Hataleta, mama."

"Gusa mulango wangu."

Nikasogea, hatua nne bila kurefusha, nikaweka kiganja kwenye mbao, kwenye lile fundo.

"Iko na joto?"

"Iko na joto, mama."

"Basi ni saa tisa," akasema, ameridhika. "Enda ukule, mutoto wangu."

Nilitazama simu alipokata. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Nimeiandika hapa kwenye kaye; yeye sikumwambia.